Ki- ya kiboko na ki- ya kibanda

Kiambishi ninachokusudia kukijadili hapa kimo ndani ya istilahi inayokitaja. Neno "kiambishi" lenyewe linaanza na ki-, kama yanavyoanza maneno mengine mengi ya sarufi yetu, kitenzi, kivumishi, kielezi, kiwakilishi na kiunganishi, kiasi kwamba ni vigumu kuieleza ki- bila kuitumia katika kila mstari. Tazama sentensi fupi kama hii: "Kikombe kikivunjika kitupwe." Ki- ya kwanza ni ya nomino, ya pili inakipatanisha kitenzi na kikombe, ya tatu inaleta sharti, na ya nne inapatanisha tena. Ni maneno matatu tu, na mgeni wa lugha anayeyasikia kwa mara ya kwanza ana haki ya kudhani kwamba msemaji ana kigugumizi.

Ile ya sharti nitaipita kwa haraka, kwa sababu naihesabu kuwa kiambishi kingine kinachofanana na hiki kwa sauti tu. "Ukija mapema utamkuta" ina sharti ndani yake. "Nilimkuta akisoma" ina tendo lililokuwa likiendelea wakati jingine linatokea. Na katika ukanushi sharti hilo hugeuka kuwa -sipo-, "usipokuja hutamkuta". Jambo moja tu linastahili kutajwa kwa faida ya wanaoandika. Katika Kiswahili sanifu -ki- haichukui ile ku- ya vitenzi vya silabi moja, kwa hiyo tunasema "anakula" na "atakula", lakini "akila" na "akija". "Akikuja" ya mazungumzo ya Nairobi inaeleweka na kila mtu, ila mhariri ataiondoa.

Ninayotaka kuizungumzia ni ki- ya nomino pamoja na zile zilizozaliwa nayo. Darasani tulifundishwa mambo mawili kuihusu: kwamba ni alama ya umoja katika ngeli ya KI-VI, na kwamba huonyesha udogo. Yote mawili ni kweli, lakini hayatoshi. Kazi yangu ni kuhariri miswada ya watu, na kadiri ninavyozidi kuifanya ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba ki- hutuambia mengi zaidi kuhusu msemaji, na namna anavyokitazama kitu, kuliko inavyotuambia kuhusu ukubwa wa kitu chenyewe.

Tuanze hata hivyo na udogo, kwani ndio unaotambulika kwa urahisi. Mlima ukipungua huwa kilima, mto huwa kijito, mji huwa kijiji, na mti huwa kijiti. Ile -ji- inayojitokeza katikati haikuwekwa kwa mapambo. Hutokea pale ambapo shina lina silabi moja tu na lingebaki jembamba mno bila kuongezewa, na hutokea pia pale ambapo nomino tayari ilikuwa na ki- yake, ndiyo maana kitabu kidogo ni kijitabu na kisu kidogo ni kijisu. Wakazi wa Dar es Salaam wanaishi na mfano huu kila siku bila kuufikiria, kwa kuwa jina la Kijitonyama limembeba kijito mzimamzima. Wakati mwingine uhusiano umefifia kiasi kwamba inabidi kuuchungulia: chumba na nyumba vina shina moja, na ch- ya chumba ni ki- iliyokutana na irabu ya u ikabadilika, kama ilivyo pia katika chombo na chakula, ambavyo wingi wake ni vyombo na vyakula. Katika Kiamu na lahaja za kaskazini, na katika ushairi mkongwe uliotoka huko, wingi huo husikika kwa z, ukawa zombo na zitu.

Sasa udogo huu una mashaka yake. Kiboko ana ki-, na kifaru naye ana ki-, ilhali baada ya tembo hakuna mnyama wa nchi kavu katika mbuga zetu anayewazidi kwa uzito. Unguja ni kisiwa, na Madagaska, ambayo ni kubwa kuliko nchi nyingi za Ulaya, nayo ni kisiwa. Kilimanjaro, jina ambalo asili yake wataalamu hawajaafikiana, linaanza kwa sauti zilezile za "kilima" wakati mlima wenyewe una mita 5,895. Mwalimu akimwambia mwanafunzi kwamba ki- ni udogo, mwanafunzi mwerevu atamletea kiboko darasani.

Maelezo yapo, na yanatoka kwenye historia ya familia nzima ya lugha za Kibantu. Wilhelm Bleek katika karne ya 19, na baada yake Carl Meinhof, walizipanga ngeli za lugha hizi kwa namba, na katika mpangilio huo ki- na vi- ni ngeli ya 7 na ya 8, ambazo kazi yake kubwa ilikuwa ni kubeba majina ya vitu. Udogo ulikuwa na ngeli zake mbali, ya 12 na ya 13, yaani ka- na tu-. Majirani zetu wengi bado wanazo: katika Kinyarwanda mwana ni "umwana", akiwa mdogo ni "akana", na wakiwa wengi ni "utwana". Kiswahili kilizipoteza ngeli hizo mbili, na kazi yake ikaangukia mabegani mwa ki-, ambayo tayari ilikuwa na mzigo wake. Kwa hiyo kiboko na kijito havikuingia kwa mlango mmoja.

Siku hizi ka- inarudi. Watu wa bara, ambao lugha zao za kwanza zinayo, wanaileta mjini pamoja na mizigo yao mingine, na sasa "katoto", "kanyumba" na "kagari" husikika Mwanza, Arusha na Nairobi bila mtu kugeuka. Wapo wahariri wanaoifuta kila wanapoiona. Mimi naiacha katika mazungumzo ya wahusika, kwa sababu "katoto" ina utamu ambao "kitoto" imeshaupoteza. Ukimwambia mama mzazi "kitoto chako kimeamka", anaweza kukutazama mara mbili.

Hapo ndipo ki- inapoanza kuonyesha tabia yake halisi. Mtu mwenye nyumba ya ghorofa, geti la chuma na bustani mbele, akikualika atakwambia, "Karibu kibandani kwangu." Kibanda hicho hakijapungua hata tofali moja, kilichopungua ni majivuno ya mwenyeji, na mgeni mwenye adabu anajua kwamba anatakiwa kuingia, atazame juu na pembeni, kisha asifu. Vivyo hivyo kwa mtu aliyenunua gari akasema amepata "kijigari cha kusogezea siku". Ki- ya namna hii ni ya unyenyekevu, na hutumiwa kwa vitu vya mwenyewe tu. Ukiipeleka kwenye vitu vya mwenzako, ukamwambia "nimekiona hicho kijigari chako", neno lilelile limegeuka tusi.

Watanzania walipata somo kubwa la jambo hili mwaka 2008, pale waziri mmoja alipozungumzia fedha zinazozidi dola milioni moja za Marekani, zilizokuwa katika akaunti yake nje ya nchi, kwa kuziita "vijisenti". Kisarufi hakukosea lolote. Alitumia ile ile ki- ya kibanda, kwa wingi wake, pamoja na -ji- ya kuongezea udogo. Lakini unyenyekevu wa ki- unaruhusiwa pale ambapo msikilizaji anaweza kuona kwa macho yake kwamba kitu si kidogo na wote wawili wakacheka kimoyomoyo. Kwa mtu anayehesabu nauli ya daladala, "vijisenti" ilisikika kama dharau, na neno hilo limebaki katika mazungumzo ya siasa hadi leo, likiwa na kejeli ambayo kamusi haikuipanga.

Utajiri mkubwa zaidi wa kiambishi hiki, na hatari yake kubwa zaidi, uko kwenye majina ya watu. Kwa kawaida binadamu katika Kiswahili huvaa m- na wa-, mtu na watu, mgeni na wageni. Anapovikwa ki- kuna sababu. Kundi la kwanza linalomjia mtu akilini ni kipofu, kiziwi, kiwete, kilema, kibyongo, kichaa na kibogoyo, na ni vigumu kuliona kundi hilo bila kuhisi kwamba wazee waliotutangulia waliwapunguza watu hao hatua moja kutoka kwenye utu kamili. Ndiyo maana lugha ya serikali na ya vyama imehama kutoka "vilema" kwenda "walemavu", na kutoka "walemavu" kwenda "watu wenye ulemavu". Hata hivyo wahusika wenyewe hawakufuata njia moja. Wasioona wa Tanzania wamejiita Chama cha Wasioona, wakaliacha neno kipofu. Viziwi wamekiita chama chao Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, wakabaki na ki- yao bila haya. Napenda kuwaheshimu wote wawili kwa jina walilojichagulia, badala ya kujifanya najua zaidi yao.

Wanaosema kwamba ki- juu ya binadamu ni alama ya kasoro husimama hapo, nami naona wanasimama mapema mno. Kiongozi ana ki-, kiranja wa darasa anayo, kinara wa ligi anayo, kinyozi anayo. Kijana anayo, na hakuna anayejiona amepunguzwa. Kigogo, kwa umbo lake, ni gogo dogo, lakini katika magazeti ni mtu mkubwa mwenye cheo au fedha, na mara nyingi habari inapoanza kwa "kigogo" inaishia mahakamani. Kisha kuna wale wote wanaosifiwa kwa uzuri: kidosho, kisura, kimwana, kichuna, kipusa. Lugha iliyomvika kiwete ki- imemvika pia mrembo, na sioni namna ya kuzielewa zote mbili isipokuwa kwa kusema kwamba ki- humtoa mtu kwenye safu ya watu wa kawaida ili atazamwe peke yake, ama kwa huruma, ama kwa hofu, ama kwa tamaa. Kipenzi ndiye anayetazamwa kwa karibu kuliko mpenzi.

Hata katika ukoo jambo hili lipo. Mtoto ana m-, mjukuu ana m-, lakini anayefuata ni kitukuu, na baada yake kilembwe. Wazee wachache sana hupata kuishi na kumwona kilembwe akitembea. Kadiri kizazi kinavyokwenda mbali na macho ya mwenye kuhesabu, ndivyo m- inavyomwacha. Katika tumbo la mama mmoja, wa kwanza ni kifungua mimba na wa mwisho ni kitinda mimba, na wa katikati hawana jina maalumu, jambo ambalo mimi niliyezaliwa katikati nimeliona tangu utotoni.

Linalookoa heshima ya watu hawa wote ni upatanisho. Ingawa nomino ina ki-, kitenzi na vivumishi hurudi kwenye utu: kipofu amefika, viziwi wawili wamekaa, kiongozi wetu ni mwadilifu. Kwa sababu hiyo walimu wanaozipanga ngeli kwa umbo la nomino wanamweka kipofu katika KI-VI pamoja na kiti, na wale wanaozipanga kwa upatanisho wanamweka katika A-WA pamoja na mtu, na mwanafunzi anayehamia kitabu kingine hujikuta akisahihishwa kwa jibu ambalo jana lilipata alama. Binafsi nafuata upatanisho. Ndio unaosikika, na ndio unaoweza kuvunjwa kwa makusudi: anayesema "kiongozi kile kimekuja tena" hajakosea sarufi kwa kutojua, amemshusha mtu kutoka kwenye kiti chake kwa silabi mbili.

Upatanisho huohuo hutenganisha maana mbili za neno moja kwa ustadi ambao hunifurahisha kila ninapokutana nao. Kifaru amezaa, na huyo ni mnyama. Kifaru kimelipuliwa, na hicho ni chombo cha vita. Kiboko amezama mtoni, lakini kiboko kilichomchapa mwanafunzi kimewekwa juu ya kabati. Mfano mzuri kuliko yote ni kibarua. Barua ndogo, yaani kile cheti alichopewa mfanyakazi wa kutwa, ilimpa jina mfanyakazi mwenyewe, kisha ikaipa jina kazi. Kwa hiyo kibarua amelipwa ujira wake, nacho kibarua cha kocha aliyefungwa mechi tano mfululizo kimeota nyasi. Historia ya kazi katika Afrika ya Mashariki imeandikwa kwa ki- kwa kiasi kikubwa: Kenya, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wanaume Waafrika walilazimishwa na serikali ya kikoloni kubeba kipande, hati ya utambulisho iliyotiwa ndani ya kikasha cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Udogo wa maneno hayo mawili, barua ndogo na pande dogo, ulificha uzito mkubwa sana.

Kwa upande wa vitu, ki- haijawahi kupumzika. Ikiwekwa mbele ya kitenzi huzaa kifaa au jambo linalofanya kazi hiyo, na ndiyo njia ambayo wataalamu wa istilahi hupenda kuipitia: kipaza sauti, kipima joto, kiyoyozi, kisimbuzi, kikokotoo. Hata malipo ya mstaafu ni kiinua mgongo, na mlo wa asubuhi ni kifungua kinywa. Baadhi ya maneno hayo hubaki katika vitabu vya istilahi hadi tukio fulani liyatoe nje, kama kishikwambi, yaani tableti, ambacho Watanzania wengi walikizoea kutokana na Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, pale makarani walipokuja milangoni wakiwa navyo mikononi.

Maneno ya kigeni yanayotokea kuanza na sauti inayofanana na ki- hayaachwi salama. Kitabu kilitoka katika Kiarabu na mzizi wake ni ule ule wa katibu na maktaba, ambamo k ni sehemu ya mzizi. Waswahili waliisikia ki- wakaunda vitabu, wala hawakuomba ruhusa. Mzunguko wa barabarani ambao dereva hutakiwa kupita kushoto umekuwa kipilefti, na miji mikubwa ina vipilefti vingi. Virusi wa magonjwa walikuja kwetu na vi- tayari, tukawatengenezea umoja wao, kirusi, na tangu hapo herufi kubwa imekuwa na kazi ya ziada, maana Kirusi ni lugha inayosemwa Moscow. Kilo na kilomita, kwa upande mwingine, zimegoma kabisa: hakuna asemaye "vilo viwili" sokoni ila kwa utani. Sijapata kuona kanuni inayoeleza kwa nini neno moja hukubali na jingine hukataa, zaidi ya desturi ya wasemaji.

Lugha zenyewe huvaa ki-, na hapa hatuko peke yetu hata kidogo. Ki- ya Kiswahili ndiyo ki- ya Kinyarwanda na Kirundi, ndiyo chi- ya Chichewa na Chiyao, ndiyo se- ya Setswana na Sesotho, ndiyo isi- ya isiZulu, na ndiyo shi- ya Shikomori ng'ambo ya bahari. Waingereza wamezoea kuiacha na kusema "Swahili", jambo ambalo masikioni mwetu ni kama kumwita mtu kwa nusu ya jina. Ndiyo maana nilifurahi kuona kwamba UNESCO, ilipoitangaza Julai 7 kuwa siku ya lugha hii, mwezi Novemba 2021, iliiacha ki- mahali pake hata katika jina la Kiingereza la siku hiyo. Tukiwa hapo, wanafunzi wakumbuke kwamba Kiingereza kina i mbili, kwa sababu moja ni ya ki- na nyingine ni ya shina.

Kutoka kwenye lugha ki- ilihamia kwenye namna. Anayevaa kizungu amevaa kama wazungu wavaavyo, anayelia kitoto analia kama mtoto, kuku wa kienyeji ni wa wenyeji, na harusi ya kimila hufuata mila. Hapa umoja na wingi umekwisha, na hakuna "vizungu". Ni njia nyepesi sana ya kuunda kielezi, na wepesi wake ndio unaoiponza, kwani waandishi wa taarifa za ofisini wameigundua na hawataki kuiachia. Kisiasa, kiuchumi na kijamii ni maneno mazuri yaliyokwisha kukaa. Kimsingi nalo limekaa. Lakini siku hizi napokea miswada yenye kimkakati, kiutendaji, kimuundo na kiutekelezaji katika aya moja, na mara nyingi ukiyaondoa yote manne aya inasomeka vilevile, tena inapumua. "Changamoto za kiutekelezaji" ni ugumu wa kutekeleza. Mwandishi aseme nani ameshindwa kutekeleza nini, nasi tutamwelewa.

Na "kiukweli"? Wasomaji wengi wananiuliza kuhusu neno hili, ambalo vijana hulianzia kila sentensi. Kwa umbo halina kosa, kwa kuwa limeundwa kama kiuchumi lilivyoundwa, ki- juu ya u- ya dhana. Tatizo langu nalo ni kwamba tulikuwa na "kwa kweli" na "hakika", yenye uzito wa kiapo, ilhali "kiukweli" inataka kusema "kwa upande wa ukweli", kana kwamba kuna pande nyingine za kuchagua. Katika mswada naibadilisha bila kumuuliza mwandishi. Katika mazungumzo siigusi, na sidhani kwamba itaondoka.